Kampala Iliyotoweka: Ramani Ipi ya Zamani Ufungue Kwanza?

Ukipanda leo hadi kileleni Old Kampala utakuta msikiti mkuu wa taifa, mnara wake mrefu, na wageni wanaovua viatu ili wapate kuingia na kuutazama mji kutoka juu. Hapo ndipo Kapteni Frederick Lugard alipopiga kambi Desemba 1890 na kujenga ngome yake, na ndani ya ngome hiyo Makumbusho ya Uganda yalianza mwaka 1908, yakiitwa na Waganda Ennyumba ya Mayembe kwa sababu ya hirizi na vifaa vya ibada vilivyokusanywa humo. Baadaye makumbusho yalihamishiwa Makerere, na mwaka 1954 yakafika Kitante yalipo mpaka sasa. Ngome nayo ilibomolewa kuupisha msikiti, na inayoonyeshwa siku hizi kandokando ni mfano uliojengwa upya. Kwa hiyo ramani tatu za vipindi vitatu zinaweza kuyaweka makumbusho hayo hayo kwenye vilima vitatu tofauti, na zote zikawa za kweli.

Mfano huo unaonyesha shida ya mtu anayetaka kuitafuta Kampala iliyotoweka kwa msaada wa ramani kuukuu. Ramani zenyewe hazikosekani, ila kila aina huona mambo yake na kuyafumbia macho mengine, na anayeanza na aina isiyofaa swali lake hupoteza siku nyingi kabla ya kugundua kosa. Aina zinazopatikana kwa urahisi ni hizi: ramani ya mitaa iliyochapishwa kwa ajili ya wakazi na wageni, ramani ya viwanja ya wapima ardhi, michoro ya mipango miji, ramani za ardhi za skeli ya 1:50,000 zinazoonyesha mabonde, maji na reli, na michoro michache ya Kibuga, yaani mji mkuu wa Kabaka, mfalme wa Buganda. Mimi huanza na ya mitaa na kumalizia kwa ya viwanja. Zile nyingine nazifungua swali linapozidai.

Ya mitaa na ya viwanja

Sifa kubwa ya ramani ya mitaa ni majina. Ina faharasa ya barabara, ina alama za posta, stesheni, masoko, makanisa, misikiti, hoteli na sinema, na vitu hivyo ndivyo watu wanavyovitumia kukumbuka. Nililielewa jambo hili nilipomtembelea mama mmoja mzee wa Kisenyi, ambaye sisi sote humwita Jajja, yaani bibi, nikamtandazia mezani ramani ya miaka ya 1960 iliyokuwa imechanika kwenye mikunjo. Aliitazama kwa heshima, kama mtu anavyotazama barua ya lugha asiyoijua, kisha akasema, "Mwanangu, nionyeshe kwanza Norman iko wapi, ndipo nitakuambia mengine." Nilipoweka kidole kwenye sinema ya Norman, chake kikaanza safari: kikateremka kuelekea sokoni, kikapinda, kikarudi nyuma, kikasimama mahali ambapo kwenye karatasi hapakuwa na kitu, na hapo akaanza kunieleza kilichokuwapo.

Sinema ya Norman ni mfano mzuri kwa sababu jengo lake bado limesimama, isipokuwa tangu miaka ya 1980 limekuwa kanisa. Lililopotea ni jina na kazi. Uwanja wa Nakivubo ni kinyume chake kabisa: uwanja uliofunguliwa mwaka 1926 ulibomolewa katika muongo uliopita na mwingine, uliozungukwa na maduka, ukajengwa palepale, lakini ramani ya 1955 na ya leo zote zimeandika Nakivubo. Anayelinganisha majina peke yake atadhani Norman imetoweka na Nakivubo imebaki. Kosa hili hulifanya kila mtu mara ya kwanza, nami sikusalimika.

Hapa ndipo ramani ya viwanja inapoishinda ya mitaa. Mchapishaji wa ramani ya mitaa hunenepesha barabara ili majina yaenee, huchagua majengo anayoona yana umuhimu, na huyaacha mengine yote yawe rangi moja ya kijivu au waridi. Mpima ardhi hana ruhusa ya kufanya hivyo. Kwenye skeli ya 1:2,500, sentimita moja ni mita 25 za ardhini, kwa hiyo jengo la upande wa mita 20 huchukua milimita 8 za karatasi. Unaona pembe zake, umbali wake na barabara, na mpaka wa jirani. Kwenye 1:50,000 jengo hilo hilo halifiki nusu milimita, na kwa kawaida huwa halichorwi kabisa.

Faida nyingine ya ramani ya viwanja ni kwamba namba hudumu kuliko majina. Barabara ya Bunge iliwahi kuitwa Obote Avenue. Hoteli iliyojengwa miaka ya 1960 kwa jina la Apolo, ambalo lilikuwa jina la kwanza la Obote, iligeuzwa Kampala International wakati wa Idi Amin na baadaye ikawa Sheraton. Katika miaka yote hiyo ardhi yenyewe iliendelea kutajwa kwa namba, na ukishaishika namba unaweza kuifuata kurudi nyuma hata jengo likibadilishwa mara tatu. Hati za ardhi za upande wa Mengo na Kisenyi bado zinaandikwa Kibuga, bloku fulani, ploti fulani, ingawa Kibuga kama mji wenye mamlaka yake hakipo tena. Vivyo hivyo neno mailo, linalotokana na maili za mraba zilizogawanywa kwa Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza, bado liko midomoni mwa kila dalali. Kwa mtafutaji wa vilivyotoweka, maneno hayo ya ofisini ni alama za kale zenyewe, tena zilizo hai.

Shule ya Shimoni, ambayo jina lake Mswahili yeyote huelewa bila kufasiriwa, inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Iliondolewa katikati ya jiji kabla ya mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola wa Novemba 2007, ili hoteli ijengwe. Ramani ya mitaa inakupa jina na kibendera cha shule, kiasi cha kukuridhisha kwamba ilikuwa karibu na hapo. Ramani ya viwanja inakupa umbo zima la uwanja, na ukitembea na nakala yake mkononi unaweza kusema ukiwa umesimama barabarani kwamba lango lilikuwa upande huu na mpaka ulipita pale.

Hata hivyo ramani ya viwanja ina gharama zake. Haisemi jengo lilikuwa la nani wala lilitumika kwa kazi gani. Upatikanaji wake hutaka barua, ada na subira. Na kuna jambo ambalo hakuna mwongozo unaolitaja, nalo ni kwamba ukiuliza habari za kiwanja Kampala, kabla hujamaliza sentensi mtu atadhani umekuja kukichukua. Mimi siku hizi sitaji kamwe namba ya ploti mbele ya watu. Nauliza habari za sinema, za duka, za mti mkubwa, na namba nazishughulikia nikifika nyumbani.

Mipango iliyochorwa na haikujengwa

Michoro ya mipango miji ndiyo inayovutia zaidi macho na ndiyo inayodanganya zaidi. Kampala ina hazina ya michoro hiyo: A. E. Mirams aliandaa mpango wa mji mwaka 1930, na Ernst May, msanifu majengo Mjerumani aliyekuwa akiishi Afrika Mashariki, alichora upanuzi wa mji kuelekea Kololo na Naguru, taarifa yake ikachapishwa mwaka 1947. Ni kazi safi, zenye rangi na mistari iliyonyooka, na kila kitu humo kinaonekana kana kwamba kiko tayari.

Kuna Jumamosi moja niliyoimaliza nikitafuta mzunguko wa barabara niliouona kwenye mchoro wa aina hiyo. Niliwauliza waendesha bodaboda, nikawauliza wazee wa mtaa, nikahesabu hatua, mpaka mzee mmoja fundi viatu akanionea huruma akasema, "Bwana, mimi niko hapa tangu sijaota ndevu, na barabara hiyo haijawahi kupita." Ilikuwa kweli. Mzunguko ulipangwa, ukachorwa, haukujengwa, nami nilikuwa nikitafuta kitu ambacho hakikutoweka kwa kuwa hakikuwahi kuwapo.

Mpango una thamani pale tu unapotaka kujua kwa nini mahali pamekaa jinsi palivyo: kwa nini mtaa huu una viwanja vya eka nzima na ule una vyumba vilivyobanana, au kwa nini nyumba za wafanyakazi ziliwekwa mbali na kilima cha maofisa. Mitaa ya nyumba za serikali ya Nakawa na Naguru, iliyobomolewa Julai 2011, inaeleweka zaidi ukiisoma katika mipango ya miaka ile kuliko katika ramani yoyote ya mitaa. Baadhi ya taarifa za mipango pia huambatanisha mchoro wa hali halisi ya mji kabla ya mapendekezo, na ukiupata huo, uchukue na uuache ule wenye rangi.

Ramani za ardhi na vinamasi vya mafunjo

Watu wengi wakisikia alama zilizotoweka hufikiria majengo. Katika Kampala, kitu kikubwa kuliko vyote kilichotoweka ni maji. Mabonde yaliyotenganisha vilima yalijaa mafunjo, na ramani za 1:50,000 zilizochorwa kutokana na picha za ndege katika miaka ya 1950 na 1960 zinaonyesha vinamasi hivyo kwa alama za buluu zinazoingia mpaka kati ya mitaa. Fuata mkondo wa Nakivubo kwenye karatasi hiyo, kisha uufuate kwa miguu leo kupitia mfereji wa zege, soko la Owino na eneo la viwanda, ndipo utaelewa kwa nini mvua ikinyesha saa moja maji hurudi kukaa pale pale. Lubigi upande wa Bwaise ni hivyo hivyo, na barabara ya mchepuko wa kaskazini imepita juu yake. Ramani ya mitaa haikuambii lolote juu ya hayo. Mahali pa kinamasi huachwa peupe, au huwekwa tangazo la biashara.

Ramani hizi pia zinaaminika kwa reli. Njia kuu ya reli, iliyovuka Nile pale Jinja, ilifika Kampala mwaka 1931. Kabla ya hapo mji ulikuwa na reli fupi tu ya kutoka Port Bell, bandari iliyopewa jina la Gavana Hesketh Bell, na mizigo ilivuka ziwa kutoka Kisumu. Tuta la reli halifutiki upesi, hata vyuma vikiondolewa, na mstari wake kwenye karatasi mara nyingi ndio unaokusaidia kukiweka kila kitu kingine mahali pake.

Lakini kuna mtego ambao ni lazima nieleze kwa urefu, kwa sababu umewapotosha wengi. Mistari ya viwianishi, yaani namba za kuonyesha mahali, kwenye ramani hizo imejengwa juu ya mfumo wa vipimo unaoitwa Arc 1960, na simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS84. Mifumo hiyo miwili haikubaliani kuhusu umbo la dunia wala kitovu chake, na kwa hapa kwetu tofauti inafikia takriban mita 300, sehemu yake kubwa ikiwa ya kaskazini na kusini. Ukisoma namba kwenye karatasi na kuziingiza kwenye simu kama zilivyo, utapelekwa kaskazini ya mahali unapopataka kwa umbali wa viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Nilitafuta hivyo kona ya mtaa wa Nakawa uliobomolewa, nikasimama kwa fahari kwenye ua wa watu ambao hawakuhusika kwa lolote. Dawa yake ni rahisi: katika programu ya QGIS, ambayo ni ya bure, iambie ramani kwamba iko katika Arc 1960, UTM kanda ya 36 kaskazini, namba ya EPSG 21096, nayo itafanya ubadilishaji yenyewe. Kama hutaki habari za programu, achana na viwianishi, ushike vitu visivyohama: kilele cha kilima, makutano ya reli na barabara, kanisa la Namirembe lililokamilika mwaka 1919.

Kibuga, mahali palipoachwa peupe

Ramani nyingi za mitaa za wakati wa ukoloni zina doa jeupe upande wa magharibi na kusini, kana kwamba Mengo na Katwe zilikuwa pori. Sababu ni ya kiutawala: mji wa Kampala ulikuwa chini ya serikali ya kikoloni, na Kibuga kilikuwa chini ya serikali ya Buganda, mpaka vilipounganishwa mwaka 1968. Mchoraji wa mji mmoja hakuona haja ya kuchora mji wa jirani, ijapokuwa mji huo wa jirani ndio uliokuwa mkongwe na ndiko walikolala wengi wa wafanyakazi wake.

Kwa sehemu hiyo, ramani zote nilizozitaja hapo juu zinashindwa na michoro ya namna nyingine kabisa. Kitabu cha John Roscoe, The Baganda, cha mwaka 1911, kina mchoro wa boma la Kabaka wenye nyua za wake, walinzi na watumishi, na ndani yake huoni barabara zenye majina wala skeli ya kupima kwa rula. Unachoona ni mpangilio wa watu. Wakuu wa masaza, yaani majimbo ya Buganda, walikuwa na makazi mjini, kila mmoja upande unaoelekea saza lake, na barabara pana zenye uzio wa matete zilitoka malangoni zikielekea nchini, kwa hiyo aliyelijua saza la mtu alijua pia upande wa kumtafutia nyumba yake. Ukitaka kujua duka fulani lilikuwa wapi mwaka 1950, mchoro huo haukufai hata kidogo. Ukitaka kuelewa kwa nini barabara za Mengo zinatawanyika kutoka Lubiri, ikulu ya Kabaka, kama zinavyotawanyika, hakuna ramani ya wapima ardhi inayoukaribia.

Ramani isiyo na tarehe

Nakala nyingi zinazouzwa mkononi zimekatwa pembe ile yenye mwaka. Tafuta kwanza Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, lililofunguliwa 1959, na Mnara wa Uhuru wa 1962. Visipokuwapo, ramani ni ya kabla yake, au mchapishaji alikuwa mvivu, jambo ambalo pia hutokea. Jina la hoteli ya Apolo linaiweka karatasi kabla ya utawala wa Amin kushika mizizi. Obote Avenue peke yake haitoshi, kwa kuwa mwenyewe alipinduliwa Januari 1971 akarudi madarakani 1980. Kwenye ramani za nchi nzima kazi ni nyepesi: ukiliona Ziwa Edward limeandikwa Ziwa Idi Amin Dada, huna haja ya kuuliza muongo.

Uzipate wapi, na kwa umbo gani

Karatasi za skeli ya 1:50,000 huulizwa katika Idara ya Upimaji na Ramani iliyoko Entebbe. Sehemu ya Africana ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere, maktaba ya Uganda Society ndani ya Makumbusho pale Kitante, na kituo cha kumbukumbu za taifa kule Wandegeya ni mahali pa kuanzia kwa taarifa za mipango na michoro ya zamani zaidi. Aliye mbali na Kampala ana bahati moja: Maktaba ya Uingereza imeweka mtandaoni, bila malipo, ramani za kijeshi za Afrika Mashariki kutoka kumbukumbu za iliyokuwa Wizara ya Vita, na Uganda imo. Hizo ni nzuri kwa njia za misafara na ngome, lakini usitarajie mitaa.

Kati ya skrini na karatasi, skrini inashinda kwa kulinganisha, kwa sababu unaweza kuilaza ramani ya 1960 juu ya OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na kuififisha kidogo kidogo mpaka mji wa leo uchomoze chini yake. Kwa mazungumzo, karatasi haina mpinzani. Jajja wa Kisenyi nilimwonyesha pia kishikwambi, akakigusa, picha ikaruka mpaka Luzira, akanirudishia akisema nimletee kile cha kukunja. Tangu hapo nachapisha kipande cha mtaa mmoja tu, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi ya A3, na kalamu ya risasi naiacha juu yake.

Jambo la mwisho ni la haraka kuliko yote. Mapema mwaka 2025 Mahakama Kuu iliagiza mamlaka ya jiji iondoe majina ya wakoloni kwenye barabara na maeneo ya Kampala. Iwe unaufurahia uamuzi huo au hapana, ramani ya mitaa iliyo kwenye duka la vitabu leo, yenye Colville Street yake, inaelekea kuwa ramani ya zamani. Nunua mbili: moja ya kuandikia na moja ya kuweka, na juu ya ile ya kuweka andika tarehe uliyoinunua, kwenye pembe isiyokatika.